Zana Ndogo za Maandishi: Tuziongezee au Tuziache? Historia Yake na Kisa cha Neno "Kung'oa"



Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa kwetu Unguja, anayechapa kwenye kompyuta madaftari ya marehemu babu yake, aliniandikia kuniomba jambo. Mwaka jana nilimpa amri moja ya kuhesabia maneno katika faili, mstari mmoja tu, na imemfaa. Sasa anataka niiongezee: isome hati za Kilatini na za Kiarabu, ikate viambishi vya vitenzi, ipange majibu kwa safu, na ikiwezekana iyatie rangi. "Ni kuongeza machaguo matatu manne tu, ami," kaniambia.

Sikumjibu siku ile, na si kwa kiburi. Swali hili la kuziongezea au kutoziongezea zana ndogo za maandishi lina historia ya zaidi ya miaka 50. Limewagombanisha watu wenye akili kunizidi, na mie mwenyewe ni mtafunwa na nyoka, nikiona ung'ongo nashtuka. Nimeona bora jibu langu niliandike hapa kwa kituo, kwa sababu wengi wetu tulio nje tunakusanya matini za Kiswahili kwa namna moja au nyingine, na uamuzi huu utatufika sote.

Kwa wenzangu wa fasihi, ambao kompyuta yao ni ya kuandikia barua na kusomea magazeti, nieleze kwanza. Zana ninazozisemea hazina madirisha wala vipicha vya kubonyeza. Unaandika jina la programu kwenye mstari wa amri, inafanya kazi yake, inanyamaza. Programu ya cat inatoa yaliyomo katika faili, au inaunga mafaili kadhaa kwa mfululizo. grep inatafuta mistari yenye neno ulitakalo. sort inapanga mistari kwa alfabeti. uniq inaondoa mistari inayojirudia kwa kufuatana. tr inabadilisha herufi hii kwa ile. wc inahesabu mistari, maneno na herufi. "Chaguo" ni ile herufi yenye kistari mbele yake, mfano sort -r, ya kuiambia programu ifanye kazi ile ile kwa namna nyingine, hapa kupanga kinyumenyume. Basi ugomvi wote ni juu ya hizo herufi zenye vistari: ziwe ngapi, na nani anayelipa gharama yake?

UFUKARA ULIOLETA NIDHAMU

Mfumo wa Unix ulianza 1969 katika maabara za Bell, Murray Hill, jimbo la New Jersey, kwa mikono ya Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao. Vitabu vingi vinatwambia kuwa udogo wa zana zao ulitokana na falsafa. Upo ukweli hapo, lakini si wote. Watu wale walikuwa mafukara wa mashine. Kompyuta ya PDP-11 waliyoihamia ilikuwa ya biti 16, kwa hiyo programu haikuweza kufikia zaidi ya kilobaiti 64 za data zake kwa wakati mmoja. Picha moja ya harusi unayotumiwa leo kwenye simu inazidi hiyo kwa mbali. Na walikuwa hawaandiki kwenye kioo, bali kwenye mashine ya Teletype Model 33, iliyochapa juu ya karatasi herufi 10 kwa sekunde. Ndiyo maana mpaka leo cat na sort hazikwambii "karibu" wala "nimemaliza". Kila neno la adabu lilikuwa linalipiwa kwa karatasi na subira.

Jambo jingine linalosahauliwa: watu wa mwanzo kuutumia mfumo huu kwa kazi ya kila siku walikuwa makarani wa idara ya hataza ya Bell, mwaka 1971, waliokuwa wakichapa maombi ya kulinda uvumbuzi. Kwa hiyo toka siku za mwanzo zana hizi ni za maandishi. Ni zetu sisi watu wa lugha, kuliko tunavyodhani.

Kilichokuwa kinakosekana ni njia ya kuziunganisha. Doug McIlroy alikuwa ameshaandika katika waraka wa Oktoba 1964 kwamba programu zingefaa ziungwe kama mipira ya kumwagilia bustani, unachomeka kipande unapokihitaji. Miaka ikapita. Mwaka 1973 Thompson akaitia njia hiyo ndani ya Unix, kwa kazi ya usiku mmoja kama wanavyosimulia wenyewe: alama ya | baina ya amri mbili, na kinachotoka katika hii kinaingia katika ile. Tuliite bomba. Tangu siku hiyo programu ndogo haikuwa tena programu dhaifu, kwa sababu haikuwa peke yake.

Mwaka huo huo ikatoka grep, na kisa chake kinatuhusu. Kama alivyosimulia Brian Kernighan, mwenzao Lee McMahon alitaka kuchunguza nani aliandika makala gani katika zile makala 85 za Federalist za 1787 na 1788, zilizoandikwa na Hamilton, Madison na Jay kwa jina moja la bandia. Matini ilikuwa kubwa, haikuingia katika programu ya kuhariria ya ed. Thompson hakuipanua ed. Aliichomoa kazi moja iliyokuwa ndani yake, ya kutafuta ruwaza na kuchapa mistari yenye ruwaza hiyo, akaifanya programu ya peke yake. Yaani zana mashuhuri kuliko zote za kutafutia maneno ilizaliwa kwa ajili ya utafiti wa nani mwandishi, na ilizaliwa kwa kutoa, si kwa kuongeza.

NYUMBA IKIPATA CHUMBA

Mwaka 1978 McIlroy na wenzake waliandika msimamo wao katika jarida la kiufundi la Bell. Kwa maneno yangu: kila programu ifanye kazi moja na iifanye vizuri, ukiletewa kazi mpya, unda programu mpya, usiiharibu ya zamani kwa viraka.

Lakini miaka ile ile ufukara ulikuwa unaondoka. Kompyuta ya VAX, ya biti 32, ilitangazwa 1977, na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kikawa na Unix yake juu ya VAX ilipofika 1979. Vioo vilikuwa vinachukua nafasi ya karatasi. Nasi tunajua, nyumba ikiongezwa chumba, vyombo havikosi kuja kukijaza. cat ikapewa -n ya kutia namba kwenye mistari, -s ya kubana mistari mitupu, na -v ya kuonyesha alama zisizoonekana. ls, ambayo kazi yake ni kuorodhesha mafaili, ikaanza kupanga majina kwa safu inapojua kwamba inaandika kwenye kioo.

Katika kiangazi cha 1983, kwenye mkutano wa USENIX mjini Toronto, Rob Pike wa Bell alisimama akatoa mada ambayo kichwa chake tu kilikuwa kombora: kilisema wazi kuwa cat -v ina madhara. Mwaka uliofuata, 1984, yeye na Kernighan wakaandika makala kamili. Hoja yao mara nyingi inapotoshwa. Hawakusema kuonyesha alama zilizojificha ni vibaya. Ni kazi nzuri, na ina haja. Walichosema ni kwamba si kazi ya cat. Kazi ya cat ni kuunga mafaili na kuyatoa kama yalivyo. Ukitaka kuona alama zilizojificha, unda programu yenye kazi hiyo na jina lake. Na ukiitia elimu ya kupanga safu ndani ya ls, basi ls peke yake ndiyo itakayojua kupanga safu. Ukiifanya programu mbali, itamfaa kila mwenye orodha.

Wa Berkeley nao hawakuwa wajinga. Kuanzisha programu ya pili kulikuwa na gharama katika mashine za wakati ule zenye watumiaji wengi. Tena, mtu asiyejua kuwa kuna programu ya safu hawezi kuiunganisha na kitu. Chaguo lililomo ndani ya zana anayoijua analiona kwenye maelezo yake.

Nani alishinda? Kwa matumizi, wameshinda wa Berkeley. cat ya GNU, iliyomo katika Linux nyingi, ina machaguo zaidi ya kumi, ilhali kiwango cha POSIX kinaitambua na chaguo moja tu, -u. Hata programu ya true, ambayo kazi yake ni kutofanya chochote na kufaulu, katika Unix ya 1979 ilikuwa faili tupu. Ya GNU inakubali kuulizwa toleo lake na kutoa msaada. Msaada wa kutofanya kitu!

KUNG'OA NA KUOA

Sasa niingie mwenyewe kizimbani.

Mwaka 1986 Jon Bentley, katika safu yake kwenye jarida la Communications of the ACM, alimwomba Donald Knuth aandike programu ya kusoma matini na kutoa maneno yanayotumika zaidi pamoja na idadi zake. Knuth akaandika kazi nzuri ya kurasa kadhaa, kila hatua imeelezwa kama insha. McIlroy akaombwa aihakiki. Akaisifu, kisha akaonyesha kuwa kazi ile ile inafanywa na amri sita za Unix zilizoungwa kwa mabomba. Tuwe waadilifu: Knuth aliombwa aonyeshe namna ya kuandika programu zisomeke kama fasihi, na amri sita za McIlroy zilisimama juu ya kazi iliyofanywa na wengine kwa miaka. Lakini somo lilibaki.

Mie mnyororo ule nilikutana nao 1998, nikiwa mwanafunzi wa udaktari katika chuo kimoja cha Uingereza, na mafaili ya hadithi za Kiswahili niliyoyachapa kwa mkono wangu usiku baada ya usiku. Kiswahili cha hati za Kilatini kina bahati: hakina alama juu ya herufi. ASCII, iliyotungwa na Wamarekani kwa ajili ya Kiingereza chao katika miaka ya 1960, ilitutosha sisi kuliko ilivyomtosha Mfaransa. Hatua ya kwanza ya mnyororo inasema: kila kisichokuwa herufi A mpaka Z kigeuze mstari mpya, ili kila neno likae mstari wake. Nikaendesha. Ndani ya sekunde chache nikapata orodha ambayo kwa kalamu ingenichukua mwaka.

Katika orodha ile mlikuwa na neno "ombe". Nikacheka, nikafuta. Mlikuwa na "ng" na "kung". Nikafuta. Ila lilikuwemo pia neno "oa", na hilo sikulifuta, kwa sababu ni neno la Kiswahili. Nilikuwa nikiandika sura juu ya msamiati wa ndoa, na umbo hili tupu la amri, "oa", lilikuwa limejaa kuliko nilivyotarajia. Ndugu zangu, niliandika ukurasa mzima kueleza kwa nini waandishi wale wanapenda kuwaamrisha watu waoe. Msimamizi wangu akausifu.

Bila shaka mmeshang'amua. Ile alama ya ng' si herufi baina ya A na Z. Kila "kung'oa" ilikatika mapande mawili, "kung" na "oa". Mhusika kaenda hospitali kung'oa jino, mie nimemwozesha. Niligundua wiki tatu kabla ya kuwasilisha tasnifu, nikisoma tena hadithi moja kwa macho yangu, kama nilivyopaswa kufanya mwanzo. Ukurasa niliutoa. Aibu nimebaki nayo.

Funzo nililolichukua wakati ule lilikuwa kinyume. Nilijiambia: zana hizi ni sahili mno, ziliundwa na watu wasiotujua, nitaunda yangu. Nikaandika programu kwa lugha ya Perl, nikaiita Kihesabu. Ikawa na chaguo la ng', chaguo la viambishi, la safu, la kuacha majina ya watu. Kila mwaka niliongeza mawili matatu, haba na haba, mpaka yakafika 31. Nikawapa na wenzangu wawili watatu.

Mwaka 2009 mwanafunzi mmoja alihesabu faili lile lile nililolihesabu mie, akapata idadi nyingine. Tulikaa siku mbili. Kumbe machaguo mawili yakitumiwa pamoja, la pili linalibatilisha la kwanza kimyakimya, na lipi la pili ilitegemea toleo alilonalo mtu. Nikataka kuliondoa moja. Mwenzangu akaja juu, kazi yake yote imelitegemea. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Kihesabu kikafa hapo. Hakuna anayeweza kukisoma, na mimi mtungaji simo katika wanaoweza.

Na dawa ya ng' ilikuwa nini? Alama moja. Kuiambia tr kwamba katika Kiswahili hiyo nayo ni sehemu ya neno:

tr -cs "A-Za-z'" '\n' < hadithi.txt | tr A-Z a-z | sort | uniq -c | sort -rn | head -20

Huo ndio mstari niliompa kijana. Kama faili limetoka katika programu ya kuandikia barua iliyopindisha ile alama, unazinyoosha kwanza kwa sed, na kama mwandishi aliitumia alama hiyo hiyo kunukuu, unaisafisha kwanza. Hatua moja zaidi kwenye mnyororo, na kila mtu anaiona kwa macho. Kosa langu la 1998 lilikuwa limeandikwa wazi kwenye mstari wa amri, sikulisoma tu. Kosa la Kihesabu lilikuwa limefichwa chini ya machaguo 31, hata ukitaka kulisoma huwezi.

Na msidhani ni mambo ya waandika tasnifu tu. Tarehe 24 Septemba 2014 dunia ilitangaziwa ufa katika bash, programu inayopokea amri zetu na kuziunga. Ufa ule, walioupa jina Shellshock, ulitokana na uwezo ulioongezwa tangu 1989: kupitisha vipande vya programu kutoka bash moja kwenda nyingine ndani ya vigeu vya mazingira. Wachache waliutumia uwezo huo, wengi hawakujua kama upo. Miaka 25 baadaye mashine nyingi mno za intaneti zikawa wazi kwa yeyote anayejua kutuma maneno machache.

UPANDE WA PILI WA SHILINGI

Ningeishia hapa ningekuwa mhubiri, si mwanahistoria. Kuna ushahidi wa upande wa pili, na una nguvu.

Mwaka 1990 Barton Miller na wanafunzi wake, Chuo Kikuu cha Wisconsin, walizilisha zana za Unix herufi za ovyoovyo kuona zitafanya nini. Kati ya robo na theluthi yake zilianguka au kuganda. Waliporudia 1995, za makampuni makubwa bado zilikuwa zikianguka, na zile za GNU, ambazo wapenda udogo wanazicheka kwa unene, zilianguka chini ya asilimia 10. Sababu moja ni kanuni yao ya kutoweka mpaka wa kubahatisha juu ya urefu wa mstari au wa neno. Kwa hiyo udogo peke yake si uimara.

Pili, kuna kazi ambazo kuunganisha hakuziwezi. Mie niliwahi kuandika sort methali.txt > methali.txt, nikidhani nalipanga faili langu. Kabla sort haijaanza kusoma, mstari wa amri ulikuwa umeshalimwaga faili kwa ajili ya kuliandika upya. Methali zangu zote zikaenda na maji. Kwa ajili ya balaa hili sort ina chaguo la -o, linalosoma lote kwanza ndipo liandike. Bomba haliwezi kulifanya hilo. Chaguo hili lina haki ya kuwepo.

Tatu, na hapa ng' inarudi tena. Njia ya kale ya kutafuta neno katika mafaili mengi ni kuorodhesha mafaili kwa find, kuipa orodha xargs, nayo xargs iite grep. Safi kabisa, kila mmoja na kazi yake. Sasa weka humo faili linaloitwa ng'ombe.txt. xargs inaidhani ile alama kuwa ni mwanzo wa nukuu isiyofungwa, inagoma. Si makosa ya find wala ya grep. Ni kwamba baina ya zana mbili taarifa imepotea, jina linaanzia wapi na linaishia wapi. Wa GNU walilitibu kwa machaguo mawili, -print0 upande wa find na -0 upande wa xargs, na POSIX ikayakubali rasmi katika toleo la 2024. Nyongeza ile ilistahiki, na wenye ng'ombe tumesubiri vya kutosha.

HERUFI NI NINI?

La mwisho ndilo linalomgusa kijana wangu zaidi. Zana hizi zilidhani herufi ni baiti moja. Kwa madaftari ya babu, yaliyoandikwa kwa hati za Kiarabu kama ile miswada mingi ya Kiswahili iliyohifadhiwa SOAS, London, dhana hiyo haifai kitu. Je, tungeitia kila zana chaguo la Kiarabu, jingine la Kihabeshi, jingine la Kichina?

Jioni moja ya Septemba 1992, katika mkahawa wa New Jersey, Thompson alichora juu ya karatasi ya kutandika mezani namna ya kuziandika herufi za dunia nzima kwa baiti, Pike akiwa pamoja naye. Ndiyo UTF-8. Herufi za ASCII zilibaki kama zilivyo, kwa hiyo faili la Kiswahili cha Kilatini lililochapwa kwa ASCII tupu mwaka 1985 ni UTF-8 halali bila kuguswa. Herufi ya Kiarabu inachukua baiti mbili. Hakuna chaguo lililoongezwa. Ulibadilishwa msingi, kwa watu wote mara moja. Na Pike huyu ndiye yule yule wa Toronto.

Hebu fanyeni jaribio. Andikeni neno salaam kwa Kiarabu: sin, lam, alif, mim. wc -c itawapa baiti 8, ukiacha alama ya mwisho wa mstari. wc -m, chaguo lililokuja kwa haja ya kweli, itawapa herufi 4, mradi kompyuta yako imeambiwa inasoma UTF-8. Kisha lipitisheni katika cat tupu: linatoka salama, kwa sababu cat haijidai kujua herufi ni nini. Halafu lipitisheni katika cat -v. Ile sin inatoka M-XM-3. Nyongeza iliyotiwa ili tuone vizuri zaidi inadhani bado tuko kwenye baiti moja moja, na inaikata herufi yetu mapande mawili, kama mie nilivyokata "kung'oa".

JIBU LANGU KWA KIJANA

Basi, mwanangu, jibu ni hili.

Safu: ipo programu ya column, iweke mwisho wa mnyororo. Rangi: hapana. Rangi ni ya macho, na ikiingia ndani ya faili inageuka takataka baina ya maneno ya babu yako.

Viambishi: hiyo ni elimu nzima ya sarufi, si chaguo. Ukiagiza "ku" ikatwe, kuku atabaki "ku". Profesa Arvi Hurskainen wa Helsinki alianza kazi ya uchambuzi huo 1985 akaifanyia kazi miongo na miongo. Tumia programu iliyoundwa kwa ajili hiyo, uiweke mahali pake kwenye mnyororo.

Na hati za Kiarabu: kuhesabu, hesabu, msingi upo. Ila kugeuza kuwa Kilatini, usiombe chaguo. Wazee wetu wengi waliandika ba moja kwa sauti ya b, ya p na ya mb. Hakuna programu itakayoamua hapo babu alikusudia nini. Ataamua mtu anayekijua Kiswahili cha babu. Kaa na wazee waliobaki, msome pamoja, uandike Kilatini katika faili lake mbali, na faili la asili usiliguse kabisa.

Kwa sisi wengine, maswali yangu kabla ya kuongeza chochote yamebaki matatu. Je, zana nyingine ikiunganishwa yaweza kuifanya kazi hii bila kupoteza kitu njiani? Ikiweza, tusiongeze. Kama kuna kinachopotea baina ya zana mbili, tuongeze bila kuona haya. Na kama tatizo ni kwamba zana haitambui kuwa watu kama sisi tupo, tusiombe kibaraza cha uani. Tudai msingi urekebishwe.

Mwenye hoja ya kunipinga anipinge, khasa waliowahi kutumia Kihesabu na bado hawajanisamehe.

Naomba kuwasilisha.